Kutoka Gikomba Hadi Sabaki: Nyumba ya Samaki Inabomokea Wapi?

Saa kumi na moja alfajiri Gikomba huwa imeshaamka. Malori yaliyotoka ziwani usiku yameshashusha makasha ya barafu, na akina mama wa mgongo wazi wameinama juu ya mafungu wakichagua mifupa ya mbuta iliyobakiwa na nyama. Jumamosi moja nilisimama pale nikingoja kupimiwa omena kwa gorogoro. Nyuma ya vibanda, hatua chache tu, Mto Nairobi ulikuwa ukipita. Maji yalikuwa meusi, na juu yake umetanda utando wenye rangi rangi kama wa mafuta ya gari. Mama aliyekuwa akinihudumia alimaliza kuparua ngege, akamwaga ndoo ya magamba na damu kwenye mtaro, na mtaro ukaipeleka mtoni. Nilimuuliza kama amewahi kuona samaki mle.

"Humo, mwanangu?" alisema. "Humo hata chura hakai."

Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile. Soko kubwa namna hii la samaki liko ukingoni mwa mto, na kila samaki anayeuzwa hapo amesafirishwa mamia ya kilomita, kwa sababu mto wenyewe hauwezi kumlea hata mmoja.

Tukizungumzia upungufu wa samaki, lawama ya kwanza humwendea mvuvi. Wavuvi wamekuwa wengi, nyavu zao zina macho madogo, meli za kigeni zinakomba kila kitu. Hayo ni kweli, wala sina nia ya kuyatetea. Lakini kuna upande mwingine ambao hausemwi vya kutosha. Samaki anaweza kuziepuka nyavu zote za duniani na bado akafa bila kuacha kizazi, kwa sababu mahali pa kutagia pamefukiwa, au pa kulelea wachanga pamekatwa kuni, au njia ya kutoka hapa kwenda pale imezibwa. Upande huo ndio ninaotaka kuufungua, na nitaufungua kutoka Nairobi, ingawa tuko mbali na bahari, kwa maana maji yetu hufika huko kabla yetu.

Vyumba na ujia

Wengi wetu tukisikia makazi ya samaki tunawaza maji. Maji ni sawa na hewa ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe ina vyumba: pa kutagia, pa kulelea, pa kula, pa kujificha. Kwa samaki wengi vyumba hivyo haviko mahali pamoja. Changu mkubwa anayevuliwa kwenye mwamba huenda alikulia kwenye nyasi bahari. Kamba hutaga baharini, watoto wake wakaingia kwenye mikoko kukua, kisha wakarudi baharini wakiwa wakubwa. Ukivunja chumba kimoja, vyumba vingine vinabaki vizima lakini vitupu.

Anayenisaidia kuuelewa mpangilio huu kuliko mwingine yeyote ni mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu kama nyoka. Upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi una aina nne za mikunga wanaoishi kwenye maji matamu. Huzaliwa baharini, mbali huko mashariki ya Madagaska. Wachanga wao ni wembamba kama jani, mwili wote wa kuonekana ndani kama kioo, nao huelea na mkondo mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Wakifika mlango wa mto kama Tana au Sabaki hubadilika umbo na kuanza kupanda. Hupanda usiku. Hukwea hata miamba, ilimradi iwe na unyevu. Mkunga akipata kidimbwi kinachomfaa hukaa humo miaka mingi, mara nyingine zaidi ya 10. Kisha siku moja hushuka mto mzima, huingia baharini, huogelea hadi alikozaliwa, hutaga mara moja tu na kufa.

Sasa ifuate njia yake kwenye ramani. Sabaki ni jina la mto ukiwa karibu na Malindi. Ukipanda nao hadi ndani ya Tsavo Mashariki unaitwa Galana. Galana huanzia pale Athi inapokutana na mto Tsavo. Na Athi, huku juu, hupokea maji ya Mto Nairobi. Ni mto mmoja wenye majina mengi, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Mlango wa nyumba ya mkunga uko Malindi, na vyumba vyake vya ndani kabisa viko kwetu.

Kukosa pumzi

Mto Nairobi huanzia Ondiri, ardhi oevu iliyoko Kikuyu. Jina la jiji lilitokana na mto huu, ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi, yaani maji ya baridi. Hapo Ondiri bado unakuta matete, ndege na ardhi inayotikisika chini ya miguu kama godoro. Baada ya hapo mto huingia mjini, ukaungana na Mathare na Ngong, nayo Ngong imepita kandokando ya Kibera na katikati ya Eneo la Viwanda. Ukishalipita dampo la Dandora huwezi tena kuliamini jina lake.

Watu hudhani samaki wa mto huu waliuawa na sumu. Sumu ipo, sikatai: grisi ya gereji, kemikali za viwandani, madini mazito kama risasi. Ila muuaji wa kwanza ni kukosa pumzi, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu ukilielewa hili umeelewa nusu ya matatizo ya mito yote ya mijini.

Lita moja ya hewa tunayovuta, kwenye usawa wa bahari, ina takribani miligramu 280 za oksijeni. Lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 20 ina miligramu 9 hivi. Hiyo ndiyo akiba yote ya samaki. Maji yakipata joto la nyuzi 30, akiba inashuka hadi 7 na nusu, na Nairobi, iliyo juu karibu mita 1,700 ambako hewa ni nyepesi, huanza na kiasi kidogo zaidi. Sasa mwaga humo choo, maji ya jikoni, damu ya machinjioni, maganda ya sokoni. Kwetu huo ni uchafu, lakini kwa bakteria ni karamu. Bakteria wakila huzaana, na wakizaana huvuta oksijeni ile ile kidogo iliyomo. Kukipambazuka, baada ya usiku mzima usio na jua la kuwezesha mimea ya majini kutoa oksijeni mpya, maji yanaweza kuwa hayana kitu. Samaki hufa akiwa katikati ya maji, mdomo wazi, kama mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku.

Kwa hiyo hata maji taka yasiyo na tone la sumu huua. Ndoo ya mama wa Gikomba si kitu. Ndoo za jiji zima, kila siku, pamoja na vyoo vya mitaa ambayo laini ya maji taka haijawahi kufika, ndizo zilizoufanya mto uwe kaburi.

Na si mitaa isiyo na laini pekee. Miaka michache iliyopita nilipanga chumba katika ploti moja ya Eastlands. Kila mvua ikinyesha harufu ilipanda kutoka kwenye mtaro wa mbele, tukawa tunafunga madirisha na kulalamikiana. Siku fundi alipofukua alikuta bomba la choo la jengo zima, vyumba zaidi ya 40, limeelekezwa kwenye mtaro wa maji ya mvua. Mwenye ploti alikuwa anajua. Tulikuwa tukilipa pesa ya maji taka kila mwezi, na maji taka yenyewe yalikuwa yakienda moja kwa moja mtoni. Nilikasirika sana siku hiyo, lakini nilikasirishwa na harufu. Ilinichukua muda mrefu zaidi kukasirika kwa ajili ya mto.

Uchafu huo una kazi ya pili. Sabuni, kinyesi na mbolea vina fosfati na nitrojeni, na virutubisho hivyo hulisha mimea ya majini kupita kiasi. Nenda ukaangalie Nairobi Dam, kando ya Kibera. Lilijengwa mwaka 1953 liwe bwawa la maji ya jiji, na watu wa umri wa babu zangu wanakumbuka mashua za tanga zikielea pale siku za mapumziko. Leo gugu maji na magugu mengine yamelifunika, mashapo yameujaza upande mmoja, na mahali pengine watu wanalima mboga juu ya kile kilichokuwa maji. Chini ya zulia lile la kijani hakuna jua, na pasipo jua oksijeni haitengenezwi.

Lakini mambo ya maji hayaishi kwa kanuni moja. Kule Ziwa Viktoria, kinamasi cha mafunjo kina oksijeni kidogo sana kwa asili yake, na hicho ndicho kilichowaokoa baadhi ya samaki wadogo. Mbuta alipoletwa ziwani miaka ya 1950 aliwamaliza furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, wa aina nyingi mno. Wataalamu hukadiria kwamba aina mia mbili au zaidi zilitoweka. Ila mbuta ni samaki mkubwa anayehitaji hewa nyingi, hawezi kujipenyeza ndani ya mafunjo. Wadogo waliozoea kuishi na pumzi haba wakapata maficho. Ndiyo maana kukausha kinamasi kama cha Yala ili kulima, kazi iliyoanza miaka ya 1960, kuna maana kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Anayepita barabarani huona matope na mbu. Kwa samaki ni ngome yao ya mwisho.

Udongo wa Machakos ndani ya tumbawe la Malindi

Turudi kwenye Athi. Mto ukishavuka Fourteen Falls karibu na Thika, maji yanapigwa na miamba yakachanganyika na hewa, na hapo hupata nafuu kidogo. Mto una uwezo wa kujitibu ukipewa nafasi na umbali. Utauona pia povu jeupe limeganda kwenye mawe, dalili ya sabuni za huku juu. Kutoka hapo Athi huingia Ukambani, na tatizo hubadilika. Huku kinachoua ni udongo.

Samaki wa baharini wanaoliwa Nairobi huuzwa sana City Market, kwenye Barabara ya Muindi Mbingu. Nimenunua changu na pweza pale mara nyingi bila kufikiria jina la barabara. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, kwa hoja kwamba ng'ombe wao wanaumaliza udongo wa Machakos. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba kuja Nairobi kupinga, wakapiga kambi hapa hapa jijini. Serikali ikarudi nyuma kuhusu ng'ombe, ila yeye ikampeleka kizuizini Lamu. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Lakini sababu ilikuwa kubwa kuliko ng'ombe: ardhi nzuri ilikuwa imekwenda kwa walowezi, na watu na mifugo yao wakabanwa kwenye miteremko iliyobaki mpaka nyasi zikaisha.

Udongo ule ulikwenda wapi? Ulifuata mkondo. Ulishuka Athi, ukapita Galana, ukatokea Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Na bahari iliuandika. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka kama mti unavyoongeza pete, na kila tabaka hubeba alama ya maji ya mwaka huo. Udongo wa mtoni una bariamu, ambayo ikikutana na maji ya chumvi huachia udongo, na tumbawe huimeza ndani ya mifupa yake. Wanasayansi walitoboa tumbawe la Malindi lenye umri wa takribani miaka 300, wakalisoma tabaka kwa tabaka, na mwaka 2007 wakachapisha walichokiona: kwa muda mrefu bariamu ilikuwa kidogo, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupanda, ikaendelea kupanda. Historia ya ardhi ya Ukambani imehifadhiwa ndani ya mwamba chini ya bahari, mamia ya kilomita kutoka mahali ambapo ng'ombe wale walikuwa wakilisha.

Tope hilo linaua vipi? Likiwa mtoni hufunika mawe na kokoto ambamo samaki hutaga. Mayai hukosa hewa chini ya utando laini wa matope. Tope huziba pia matamvua ambayo samaki hupumulia. Likifika baharini huzuia mwanga, na tumbawe haliwezi kuishi gizani, kwa kuwa chakula chake kingi hutengenezwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya ngozi yake na kutumia jua. Nyasi bahari nazo ni hivyo hivyo. Uzuri na ubaya hutegemea hata upepo: wakati wa kusi maji ya hudhurungi ya Sabaki husukumwa kwenda kaskazini, lakini kaskazi ikianza kuvuma, na mvua za vuli zikawa zimeujaza mto, wingu lile la tope hugeuka kusini na kuifuata hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Uzio wa hifadhi hauzuii kinacholetwa na mto.

Wakulima wa Ukambani wamefanya kazi kubwa ya kuchimba matuta, na miteremko mingi ya Machakos ina miti zaidi leo kuliko zamani. Siku hizi kidonda kingine ni mchanga. Kila ghorofa inayoota Nairobi imekula mchanga wa mito ya Machakos, Makueni na Kitui. Mchanga wa mto mkavu huhifadhi maji chini yake. Ukiuzoa mpaka kwenye mwamba, mvua ikija maji hupita kwa kasi, hula kingo na kubeba udongo zaidi. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya mito kukauka na watu kupigana. Sisi wa mjini hununua mchanga kwa lori bila kuuliza umetoka mto gani.

Halafu kuna bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 pale Athi inapokutana na mto Thwake. Ukuta wake una kimo cha karibu mita 80, na bwawa lina nafasi ya kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji. Wakazi wa pale wamengoja maji kwa vizazi, na haki yao haipingiki. Kwa samaki, hata hivyo, ukuta ni mlango uliojengewa tofali. Mkunga mchanga anakwea mwamba wenye unyevu, ila ukuta wa mita 80 ni jambo lingine, na mzee anayeshuka kwenda kutaga anaweza kuishia kwenye mitambo. Maji yaliyosimama pia hutunza kila kitu kinacholetwa: fosfati ya Nairobi itakuwa na mahali pa kutulia na kulisha magugu, kama ilivyolisha Nairobi Dam. Bwawa litashika na tope, jambo ambalo matumbawe ya Malindi huenda yakalishukuru, ingawa mlango wa mto na fukwe zake unahitaji mchanga kiasi ili usiliwe na mawimbi.

Mlangoni

Mahali ambapo maji matamu hukutana na ya chumvi ndipo penye watoto wengi kuliko mahali pengine popote, na ndipo tunapopaharibu kwa urahisi zaidi kwa sababu panaonekana kama tope tupu.

Kenya ina mikoko ya takribani hekta 61,000, zaidi ya nusu yake ikiwa Lamu. Mkoko, mchu, mkandaa, muia: watu wa pwani wana jina kwa kila mmoja kwa sababu kila mmoja una kazi yake, huu wa boriti, ule wa kuni, mwingine wa kutengenezea dau. Kwa kamba na samaki wachanga kazi ni moja tu. Ile mizizi iliyosukana huwazuia wakubwa kupita, na majani yanayooza huwa chakula. Ukikata hekta moja ya mikoko hutaona samaki aliyekufa. Utaona tu, miaka baadaye, wavuvi wa mwamba ulio mbali wakirudi na ndoo nyepesi, na hakuna atakayekumbuka msumeno. Mikoko ya Tudor, pale Mombasa, iliyozungukwa na mji unaotafuta kuni na sehemu ya kumwaga maji taka, ilipotea kwa kiasi kikubwa kati ya mwanzo wa miaka ya 1990 na 2009.

Nyasi bahari hazina hata bahati ya mikoko, maana ziko chini ya maji na hazipigwi picha. Tafi hula hapo, nguva na kasa hula hapo, changu wadogo hujificha hapo. Juya la kukokota, lililopigwa marufuku mwaka 2001 lakini bado linaonekana, huzing'oa pamoja na mayai. Na kuna uharibifu unaokuja kwa mzunguko: kikande hula viumbe wa miiba wanaofanana na nungunungu wadogo, kikande akivuliwa sana, wale wa miiba huzaana na kula nyasi mpaka uwanja unabaki mchanga mtupu. Hapo nyavu na makazi huwa kisa kimoja.

Ujenzi mkubwa nao una bei. Bandari mpya ya Lamu ilihitaji sakafu ya bahari ichimbwe ili meli kubwa zipite. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa maeneo ya uvuvi waliyoyapoteza. Hiyo ni mojawapo ya nyakati chache ambapo mahakama ya nchi hii imeitaja nyumba ya samaki kwa shilingi.

Juu ya yote hayo kuna joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakautema ule mwani wa ndani yake, yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya matumbawe hai ya pwani yetu yakafa. Mwaka 2016 joto likarudi. Tumbawe lenye afya linaweza kupona kati ya pigo na pigo. Lililokwisha kufunikwa na tope la Sabaki, au kuvunjwa na nanga, hushindwa. Sisi wa Nairobi hatuwezi kuipoza bahari peke yetu, lakini tunaweza kupunguza mzigo tunaoutupia mgonjwa.

Mwenye nyumba ni nani?

Nilipojaribu kuelewa nani anaulinda mnyororo huu wote nilichoka haraka. Maji ya mto yako chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Uchafu ni wa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, pamoja na kaunti na kampuni ya maji taka. Mikoko, kwa kuwa ni miti, ni ya Huduma ya Misitu. Matumbawe ya ndani ya hifadhi ni ya Huduma ya Wanyamapori. Samaki mwenyewe yuko kwa Huduma ya Uvuvi, na mvuvi kwenye BMU, kikundi cha kusimamia ufuo wake. Kila mmoja ana kipande chake, na mkunga anavipita vyote katika safari moja. Mafuriko ya 2024 yalipowasomba watu wa Mathare na Mukuru, serikali iliamuru waondoke walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Familia maskini zilibomolewa nyumba zao kwenye matope ya mvua ile ile, na sioni jinsi mto utakavyopona kwa njia hiyo ikiwa mabomba ya majengo yaliyobaki nyuma ya hizo mita 30 yanaendelea kumwaga.

Palipofanikiwa, watu wa mahali penyewe ndio walioanza. Kuruwitu, huko Kilifi, wavuvi walikubaliana mwaka 2005 kuufunga mwamba wao, wakauita tengefu, na samaki wakarudi mpaka wakaanza kumwagikia nje ya mpaka. Gazi, Kwale, wanakijiji walianza mwaka 2013 kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao kupitia Mikoko Pamoja, na pesa zikanunua maji na vitabu vya shule. Ondiri wakazi wamepanda miti na kuondoa mipira ya maji iliyokuwa ikiinyonya. Hizi ni juhudi za ncha mbili, chemchemi na bahari. Katikati, yaani sisi, ndipo penye pengo.

Kuhusu ile ploti ya Eastlands: wapangaji tuliandika barua kwa ofisi inayohusika, hatukujibiwa. Tukaandika ya pili, tukapewa namba ya kumbukumbu. Mwezi wa tatu tulikubaliana kuzuia kodi mpaka bomba lirekebishwe, na mwenye ploti akamleta fundi kabla ya tarehe 10. Laini ya maji taka ilikuwa upande wa pili wa barabara, hatua kama 20. Fundi alichimba siku mbili, akaweka bomba la inchi 4 na viungo vitatu, akaziba tundu la zamani kwa nusu mfuko wa saruji. Mvua iliyofuata nilitoka nje na tochi kuangalia mtaro. Maji yalikuwa ya rangi ya vumbi la barabara, yakikimbia kuelekea Mto Nairobi, na yalinuka mvua.